Oleh Hornykiewicz na Ugonjwa Tunaouita Uzee

Katika famasia ya hospitali ninamofanya kazi, hapa Mbeya, vidonge vya levodopa na kabidopa, dawa za ugonjwa wa Parkinson unaomtetemesha na kumkakamaza mtu, havitoki kila siku kama vinavyotoka vya shinikizo la damu na vya kisukari, lakini kila vinapotoka humkumbuka mtu ambaye wagonjwa wangu hawajapata kumsikia. Jina lake ni Oleh Hornykiewicz, mtafiti wa ubongo aliyefanya kazi Vienna, Oxford na Toronto, akafariki Mei 2020 akiwa na umri wa miaka 93. Nimesoma habari zake kwa miaka mingi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba alichotuachia si dawa peke yake. Kabla ya dawa alitupatia sababu inayopimika. Katika nyanda hizi za juu kusini, ambako mzee aliyeanza kutetemeka na kukakamaa huambiwa kwamba ni umri umemfikia, au kwamba kuna mkono wa mtu, sababu inayopimika inahitajika kwa haraka kuliko hata kidonge, kwa maana mtu asiyejua kwamba anaumwa hawezi kufika dirishani kuomba dawa.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa mwaka 1817 na daktari James Parkinson wa London, katika kijitabu kilichohusu wagonjwa sita tu, ambao baadhi yao aliwaona wakipita barabarani. Alieleza kutetemeka kwa kiungo kilichotulia, mwili kuinama mbele, na hatua zinazogeuka kuwa mbio ndogo ndogo ambazo mgonjwa hawezi kuzizuia. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, akiwa Paris, alionyesha kwamba eneo dogo la shina la ubongo lenye seli za rangi nyeusi ndilo linaloharibika. Kwa hiyo madaktari wakajua palipoharibika, lakini hawakujua ni kitu gani mwili umepungukiwa kutokana na uharibifu huo, na kwa miaka arobaini iliyofuata hawakuwa na cha kuziba pengo hilo.

Hornykiewicz alizaliwa Novemba 1926 karibu na Lviv, mji uliokuwa Poland wakati huo na ambao leo uko Ukraine. Familia yake ilihamia Vienna wakati wa Vita Kuu ya Pili, naye akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1951. Mwaka 1956 alipata ufadhili wa kwenda Oxford, katika maabara ya Hermann Blaschko, mwanasayansi aliyeondoka Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka. Siku hizo dopamini, kemikali inayotengenezwa mwilini, ilihesabiwa kuwa kituo cha njiani tu, yaani kitu ambacho mwili hukitengeneza ukielekea kutengeneza noradrenalini na adrenalini. Blaschko alishuku kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe, akamwachia kijana huyo ajaribu kuthibitisha. Hornykiewicz alitumia simbilisi, mnyama ambaye familia nyingi za Iringa na Njombe humfuga jikoni kwa ajili ya kitoweo, akaonyesha kwamba dopamini hushusha shinikizo la damu la mnyama huyo kwa namna isiyoweza kuelezwa kwa noradrenalini. Jambo hili linaonekana dogo, na halihusu ubongo hata kidogo, lakini ndilo lililomfanya aiamini dopamini wakati wengi walikuwa hawaijali.

Kisha habari zikaja kwa mfululizo. Mwaka 1957 Kathleen Montagu, akifanya kazi Uingereza, aliripoti kuwapo kwa dopamini ndani ya ubongo. Mwaka huohuo Arvid Carlsson huko Lund, Sweden, aliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, wakalala wasiweze kusogea, halafu akawadunga dopa, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini na ambayo levodopa ni aina yake, nao wakaamka. Mwaka 1959 wenzake Carlsson, Bertler na Rosengren, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya dopamini ya ubongo imekusanyika katika striatamu, eneo la ndani linalohusika na mwendo. Hornykiewicz alikuwa ameshaondoka Oxford na kurudi Vienna. Aliposoma hayo aliona kwamba swali lililobaki haliwezi kujibiwa na sungura: ilimpasa autazame ubongo wa binadamu aliyekufa akiwa na ugonjwa wa Parkinson.

Hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu kila ninapoisoma habari hii, labda kwa sababu nilianzia kazi maabara kabla ya kusomea dawa. Pamoja na msaidizi wake kijana, Herbert Ehringer, alikusanya ubongo wa watu waliofariki hospitalini: watu 17 waliokuwa hawana maradhi ya ubongo, na wagonjwa 6 wa Parkinson, pamoja na wengine wachache wenye magonjwa mengine ya mwendo. Walikata vipande vya striatamu, wakavisaga, wakachuja, wakatia kemikali yenye iodini inayoigeuza dopamini kuwa na rangi ya waridi. Vichupa vya watu wasio na ugonjwa vikashika rangi. Vya mgonjwa wa kwanza, Aprili 1959, vikabaki karibu vyeupe. Hornykiewicz alieleza baadaye kwamba aliuona upungufu huo kwa macho yake kabla hajavipeleka vichupa kwenye kipimo cha rangi. Waliendelea kupima kwa zaidi ya mwaka, hawakukimbilia kutangaza, na makala yao ikatoka kwa Kijerumani Desemba 1960. Kati ya wagonjwa wote waliopimwa, ni wale wa Parkinson waliokuwa na upungufu mkubwa namna hiyo katika striatamu.

Naomba msomaji apime uzito wa jambo hilo. Hadi siku ile hakuna ugonjwa wa ubongo wa aina hii, ule unaomla mtu polepole kwa miaka, uliokuwa umehusishwa na upungufu wa kemikali moja katika eneo moja linalojulikana. Ugonjwa ambao kwa miaka zaidi ya mia moja ulikuwa na majina na maelezo tu, sasa ulikuwa na kiasi, yaani mikrogramu kadhaa kwa kila gramu ya ubongo, na kiasi kikipungua kinaweza kuongezwa. Kumpa mgonjwa dopamini yenyewe hakusaidii kwa sababu haipenyi kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Levodopa hupenya, na ikishafika ndani ubongo huigeuza kuwa dopamini. Levodopa nayo haikuwa kitu kigeni: Marcus Guggenheim aliitenga kutoka kwenye maharage mapana huko Basel mwaka 1913, akaimeza mwenyewe ili kuijaribu, ikamtapisha, na baada ya hapo ikakaa kwenye rafu za maabara bila kuwa na kazi ya maana.

Novemba 1960 Hornykiewicz alimwomba daktari Walther Birkmayer, aliyekuwa na wagonjwa wengi wa namna hii katika nyumba ya wazee ya Lainz, Vienna, awadunge levodopa. Ikapita zaidi ya nusu mwaka. Sindano za kwanza zilitolewa Julai 1961, miligramu 50 hadi 150 kwenye mshipa, na matokeo yakachapishwa Novemba mwaka huo. Waliokuwa hawawezi kuketi kitandani waliketi. Waliokuwa wakiketi bila kuweza kuinuka waliinuka, na waliokuwa wakisimama bila kuweza kuanza hatua walitembea, wengine hata wakakimbia. Nafuu hiyo ilidumu kwa saa chache halafu ikaisha. Miaka sita baadaye, mwaka 1967, George Cotzias huko Marekani alionyesha kwamba dopa ya kumeza, ikianza kidogo na kupandishwa polepole, inaweza kumpa mgonjwa nafuu ya kudumu. Kabidopa na benserazidi zikafuata ili kuizuia levodopa isigeuzwe kabla ya kufika kwenye ubongo, na kwa njia hiyo kiasi cha dawa kikapungua na kichefuchefu pia.

Sasa nirudi huku kwetu. Wagonjwa ninaowaona hutoka Rungwe, Mbozi, Chunya, Makete, na mara nyingi wamefika wakiwa wamechelewa sana. Kinachowaleta mara nyingi si kutetemeka. Anakuja binti wa mgonjwa, ameshika cheti mkononi, na baba yake ameketi kwenye benchi nyuma yake.

"Dokta, mzee wetu siku hizi amekuwa mzito. Ukimwita anageuka mwili mzima kama gogo."

"Pole, dada. Amekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu msimu ule wa kahawa wa mwaka juzi. Kabla ya hapo mkono wa kulia ulikuwa unacheza tu akiwa amekaa. Tukasema ni baridi ya Tukuyu."

Katika muda huo wa kati wamepita kwa waganga, wameombewa, wamegombana na jirani aliyedhaniwa kuwa ndiye mwenye mkono. Sisemi haya kwa kuwadharau. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Gerry Mshana waliandika kuhusu wagonjwa wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na yale waliyoyakuta ndiyo ninayoyasikia Mbeya: watu hutafuta sababu mahali walipozoea kuitafuta, na kama hakuna aliyewapa sababu nyingine, wafanye nini? Uso wa mgonjwa hukosa msisimko kwa sababu misuli yake imekakamaa, na familia huona kwamba amenuna. Sauti hushuka, na wanasema anawadharau. Mwandiko wake hupungua ukubwa mstari baada ya mstari, na mzee aliyekuwa katibu wa kikundi cha wakulima anaacha kuandika mihtasari bila kumwambia mtu kwa nini. Ninapomweleza binti huyo kwamba ndani ya kichwa cha baba yake kuna kitu kimepungua, kitu kinachojulikana jina na mahali pake, huona jinsi anavyomgeukia mzee wake na kumtazama upya.

Hesabu ya Hai ndiyo ushahidi mkubwa tulio nao nchini. Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071, wakawapata wagonjwa 33, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni upi. Watafiti wakawaanzishia levodopa na kabidopa na kuwafuatilia kwa miaka mitatu, na ikaonekana kwamba tiba hiyo inaweza kutolewa vijijini na kuwasaidia watu. Ningependa kwa moyo wangu wote kuiona kazi ya namna hiyo ikifanyika Rungwe, Kilolo na Makete, kwa kuwa madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu nchini ni wachache na wengi wako Dar es Salaam, na kwa hiyo mgonjwa wa kijijini ataonekana tu kama kuna mtu aliyepanda mlima kumfuata.

Upande wa dawa ninaujua zaidi, na una mambo ambayo Hornykiewicz angeyatambua mara moja. La kwanza ni kwamba dopamini inaweza kuzuiwa na dawa nyingine. Metoklopramidi, ambayo watu hununua madukani kwa ajili ya kutapika, na haloperidoli, inayotumika kwa magonjwa ya akili, huziba milango ambayo dopamini hupitia kufanya kazi yake, na zinaweza kumfanya mtu akakamae na kutetemeka hata kama hana Parkinson, au kumzidishia yule aliye nayo. Mgonjwa anayeanza levodopa hupata kichefuchefu, anaenda duka la jirani, anapewa metoklopramidi, na wiki inayofuata anarudi akiwa mbaya kuliko mwanzo huku familia ikiamini kwamba levodopa ndiyo iliyomdhuru. La pili ni chakula. Levodopa hufyonzwa kwa njia ileile inayofyonza protini, kwa hiyo ikimezwa pamoja na maharage, samaki wa Kyela au maziwa ya Rungwe, inabaki nyuma kwenye foleni. Nawaambia wameze nusu saa kabla ya kula, na uzoefu wangu ni kwamba agizo hilo likiandikwa kwa saa kamili kwenye karatasi hufuatwa vizuri kuliko likisemwa tu. La tatu ni kwamba dawa haiachwi ghafla, na hapa ndipo ugumu wa maisha unapoingia, kwa sababu dawa huisha dukani, au pesa huisha nyumbani kabla ya mavuno, na mgonjwa aliyekatiziwa levodopa kwa ghafla anaweza kuwa hatarini kwelikweli.

Wapo pia madaktari na familia wanaochelewesha kuanza dawa kwa hofu kwamba itachakaa mapema na kuleta michezo ya mwili isiyozuilika. Utafiti wa Roberto Cilia na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wagonjwa wa Ghana, ambao walianza levodopa wakiwa wamechelewa kwa kukosa dawa, na wagonjwa wa Italia walioianza mapema. Matatizo hayo yalifuata urefu wa ugonjwa na ukubwa wa kiasi cha dawa, wala hayakufuata idadi ya miaka ambayo mgonjwa ametumia dawa. Mgonjwa aliyecheleweshwa alipoteza tu miaka ambayo angeweza kutembea.

Na kuna upupu. Kila mtoto wa huku anaujua kwa kuwashwa kwake, na wakulima wengi wanazijua aina zake zisizowasha, zinazopandwa ili kurutubisha udongo uliochoka. Mbegu zake zina levodopa, jambo ambalo wanakemia wa India walilionyesha tangu miaka ya 1930. Cilia na wenzake waliwapa unga wa mbegu hizo wagonjwa 18 nchini Bolivia, matokeo yakatoka mwaka 2017, na ukafanya kazi kwa kiwango cha kulinganishwa na vidonge. Nimeulizwa mara nyingi kama basi watu wasage upupu. Jibu langu ni hapana, si kwa kujisagia nyumbani, kwa sababu kiasi cha levodopa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na katika majaribio ya muda mrefu zaidi baadhi ya wagonjwa waliacha kwa matatizo ya tumbo. Lakini naamini kwamba hili ni jambo linalostahili maabara, mashamba ya majaribio na watafiti kutoka mikoa hii hii ambako mmea wenyewe unaota.

Hornykiewicz hakusimama baada ya 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamia Toronto, akaanzisha huko hifadhi ya ubongo wa marehemu kwa ajili ya utafiti, na baadaye akagawanya kazi yake kati ya Canada na Vienna. Yeye na wenzake walionyesha kwamba dalili hujitokeza wakati dopamini ya striatamu imeshapotea kwa sehemu kubwa sana, kiasi cha asilimia 70 hadi 80. Maana yake ni kwamba siku mkono unapoanza kucheza, ugonjwa umeshakaa mwilini kwa miaka mingi. Mwaka 2003 Heiko Braak, Mjerumani, alieleza kwamba huenda unaanzia mbali na eneo lile jeusi, katika neva zinazohusika na utumbo na kunusa, na ndiyo sababu wagonjwa wengi, ukiwauliza vizuri, hukumbuka kukosa choo na kupotewa na harufu muda mrefu kabla ya kutetemeka. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000 ilimwendea Carlsson pamoja na watafiti wawili wa Marekani, na zaidi ya wanasayansi 200 wakaandika barua ya wazi kulalamika kwamba Hornykiewicz ameachwa. Nakubaliana nao kabisa. Carlsson alistahili, lakini aliyeupeleka ujuzi huo kutoka kwa sungura hadi kwa mgonjwa ni mwingine, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwetu sisi tunaokaa upande wa mgonjwa.

Kuna swali kuhusu hifadhi ile ya Toronto ambalo huwa gumu hapa. Msiba wa Unyakyusa ni jambo la ukoo mzima, na kumwomba mtu akubali ubongo wa baba yake ubaki hospitalini ni kumwomba kitu kizito. Sidhani kwamba jibu ni kulazimisha. Utafiti wa jeni unahitaji damu au mate tu, na mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Nigeria, walionyesha badiliko katika jeni iitwayo GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, badiliko ambalo halikuwa limeonekana katika miaka yote ya kuwapima Wazungu. Wagonjwa waliohusika hawakufika 1,500. Naye mkulima wa viazi wa Umalila anayebeba bomba la dawa mgongoni bila kifuniko cha pua ana haki ya kupimwa pia, kwa sababu parakwati, dawa ya kuua magugu iliyoondolewa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007, imehusishwa na ugonjwa huu katika tafiti kadhaa, na inafanana kimuundo na sumu ambayo mwaka 1982 iliwakakamaza ghafla vijana kadhaa wa California.

Kwa mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii anayesoma haya, maswali ninayoyauliza dirishani hayahitaji mashine. Namuuliza mzee kama anapata taabu kujigeuza kitandani usiku, kama mwandiko wake umekuwa mdogo, kama bado ananusa kahawa inapokaangwa, na kama mkono mmoja hauzungushwi tena akitembea. Namwomba agongeshe kidole gumba na cha shahada kwa haraka, nione kama mwendo unapungua kadiri anavyoendelea. Majibu yakielekea upande mmoja, mwandikieni rufaa ya hospitali ya mkoa au ya kanda, na mwambieni anayemsindikiza abebe kwenye mfuko dawa zote ambazo mzee anazitumia, zikiwemo za mganga na za dukani, ili mfamasia azitazame moja moja kabla ya kidonge cha kwanza cha levodopa.